Lushoto mpaka Mtae kwa miguu

Kila anayekwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, anarudi na picha ile ile, amekaa Irente ukingoni mwa mwamba, miguu inaning'inia, nyuma yake hewa tupu. Siwalaumu hata kidogo maana na mimi ninayo. Pale pazuri bana, tusidanganyane. Umetoka mjini kwa miguu, umepita migomba na mashamba ya mahindi na watoto wa shule, hujaona dalili yoyote kwamba mlima unaisha, halafu ghafla ardhi inakatika mbele yako na huko chini, karibu kilomita nzima kwenda chini, ndio Mazinde na mistari ya mkonge na ile barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, malori yanatambaa kama siafu wala huyasikii. Upepo tu.

Ila mimi nataka kuongelea kile kilichoko nyuma ya anayepiga picha. Watu wengi wakishamaliza pale mwambani wanashuka kula (kuna shamba la kanisa hapo jirani wanauza jibini, jamu na mkate mweusi, na ni vitamu kweli), halafu wanarudi mjini wanapanda gari la Mombo, basi, Usambara imeisha. Milima yenyewe hawajaiingia.

Sisi tulitaka twende mpaka Mtae. Mtae iko mwisho kabisa kaskazini, kwa gari ni kilomita sitini na kitu toka Lushoto mjini, kwa miguu unakata kata unapita msitu wa Magamba, unatokea Lukozi, unalala Rangwi kisha unaendelea. Tulikuwa mimi, rafiki yangu mmoja mzaliwa wa Tanga mjini ambaye hii milima ameiona maisha yake yote ila kwa dirisha la basi, na kijana Msambaa wa hapo hapo Lushoto wa kutuongoza. Kama unajiuliza mwongozaji wa nini, jibu ni kwamba Magamba ni hifadhi, unalipa kiingilio kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, na unaingia kwa utaratibu, na hata nje ya msitu hakuna vibao, kila ukitembea kidogo njia inagawanyika mara mbili tatu na zote zinafanana, moja inakwenda kijijini na nyingine inaishia kwenye shamba la mtu.

Tulianza asubuhi mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka barabarani na mdomo unatoa moshi ukiongea. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari na ndio maana Wajerumani waliukimbilia wakaupa jina la mfalme wao, Wilhelmstal, lakini Magamba unapanda zaidi, kilele chake kinapita mita 2,200, na baridi ya huko sio ya mchezo. Rafiki yangu alikuwa na jaketi moja la mtumba na kwa saa mbili za kwanza alikuwa mtu wa kulalamika tu.

Ndani ya msitu kila kitu kinadondosha maji hata kama mvua hainyeshi, ukungu unashika kwenye majani na kuvumwani halafu unashuka tone tone. Mguu haulii, unakanyaga majani yaliyooza ya miaka na miaka. Kijana akasimama kwenye mti mmoja mnene akasema huu ni mkulo, akachuma jani akalifikicha akatupa tunuse, na mimi nikasikia harufu nzuri tu ya dawa, mwenzangu wa Tanga akarudi nyuma hatua nzima. Karafuu maiti! Harufu ya msibani, ya kuoshea maiti, aisee alilitupa lile jani akajifuta mikono kwenye suruali na ikawa stori ya siku nzima. Mbao za mkulo zilikuwa na soko sana, ndio maana mikubwa imebaki michache, lakini mti wenyewe mbishi, mizizi yake inachipua upya, tuliona kisiki kipana cha watu watatu kukaa na kukizunguka pembeni machipukizi membamba yaliyonyooka yanagombania mwanga.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, ule mngurumo wao unaoanzia mbali. Wakapita juu kwa juu, weusi na yale mashuka meupe mabegani, tawi linainama linarudi, hao wameshaondoka.

Halafu msitu unaisha. Nilitegemea uishe polepole, miti ipungue pungue, wapi. Hatua moja uko gizani, hatua inayofuata uko kwenye karoti. Karoti, kabichi, viazi, matuta mpaka juu kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kusimama sembuse kulima, na maji ya yale mashamba yote yanatoka humo msituni tulimotoka. Kijana alituonyesha mfereji mdogo, upana wa jembe tu, unaotoka kwenye miti unazunguka kilima kizima na kugawanywa kwa zamu, leo kwa fulani kesho kwa fulani. Ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wa huko wakisikia mtu kaingia na msumeno usiku wanakasirika kuliko hata askari wa hifadhi.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Hizi njia tulizokuwa tunapita, hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu kutembea kwa raha zake. Ni njia za kwenda shamba, mashine ya kusaga, gulioni, zahanati, shule. Ndio maana haziringi, zinapanda moja kwa moja, mtu mwenye mzigo hataki kuzungushwa. Tulikuwa kwenye kipande kimoja kabla ya Lukozi, udongo mwekundu umelowa, sisi na mabuti yetu tunashikilia majani tusiteleze, nyuma yetu akaja mama na furushi la kabichi kichwani, kandambili miguuni, mtoto mgongoni, akatusalimia kwa Kisambaa, onga mshi, tukaitikia tunavyojua, akatupita. Hakupunguza hata mwendo.

Na huko huwezi kumpita mtu kimya. Unasalimia, unaulizwa za utokako, za nyumbani, za safari, ukidhani imeisha inaanza tena. Mwanzoni nilikuwa naona tunachelewa. Ila swali lililonishinda ni la bibi mmoja tuliyemkuta amepumzika juu ya kuni zake.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wanangu. Mwaenda wapi?”

“Mtae.”

“Kwa nani?”

Nikasema hatuna mtu huko bibi, tunatembea tu, tunaangalia milima. Akanitazama, akamtazama kijana wetu, wakaongea Kisambaa kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu. Mtu atoke Dar apande mlima kwa miguu, hana mgonjwa, hana harusi, hana shamba, hana hata binamu, aende akaangalie! Baada ya hapo rafiki yangu akabadili jibu, kila aliyeuliza akaambiwa twaenda Rangwi kwa masista, na wote wakaridhika, wengine wakatuagiza tuwasalimie. Sio uongo, tulikuwa tunalala huko kweli.

Nimelifikiria lile swali mara nyingi tangu nirudi. Mimi kwangu njia ilikuwa ni kitu cha kuangalia, kwa bibi njia ina mtu mwishoni. Na ukishaona hivyo kuna vitu unaacha mwenyewe, kwa mfano kukaa katikati ya njia kupiga picha wakati mtu mwenye gunia anakusubiri umpishe, au kukata kupitia shambani kwa sababu ramani ya simu inasema ni karibu. Nimeona wageni wanafanya hivyo na nimewaona Wabongo wenzangu wakifanya vibaya zaidi, na spika begani muziki juu, wanapita mlango wa watu bila hata hodi.

Lukozi yenyewe sikuipenda sana, ni vumbi na mafuso yanapakia kabichi na viazi vya kupeleka Dar, ila supu ya pale inaamsha maiti. Tulikula tukasonga.

Juu ya kigongo kimoja kijana akatuonyesha upande wa Mlalo akaanza kuhadithia habari ambayo alisema ilikuwa haimaliziki mdomoni mwa babu yake. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walileta mpango wao wa kuokoa udongo, wakaanzia bonde la Mlalo, kila mtu alazimishwe kuchimba matuta kwenye shamba lake kwa vipimo vyao, asiyechimba anapigwa faini. Kazi ilikuwa nzito na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama, na watu waliona hii ni kuchukuliwa ardhi kwa mlango wa nyuma. Wakagoma, ukawa mvutano wa miaka, mwisho ule mpango ukafa hata kabla ya uhuru. Cha kuchekesha sasa hivi matuta yapo mengi tu, watu wanachimba wenyewe kwa sababu wanajua shamba bila matuta mvua moja linahamia kwa jirani wa chini. Inategemea nani kakuambia, na kwa lugha gani.

Rangwi tulifika giza linaingia. Masista wanapokea wageni, vyumba visafi, maji ya moto ya ndoo, ugali na maharage na mboga, usingizi wa hali ya juu. Wakati wa kula ikaja hadithi ya Mbegha, ambayo ukikaa na Msambaa lazima utaipata: mwindaji wa nguruwe aliyetoka milima ya Ngulu, akawa anawapa watu nyama na wao wanampa chakula cha shamba, akaua simba aliyekuwa anawasumbua, watu wa Vuga wakamtawaza. Ukoo huo huo ndio wa mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyekufa mwaka 1862, ambaye utawala wake ulishuka mpaka pwani. Hapo rafiki yangu akanyamaza maana kumbe na yeye wa Tanga ana deni la kodi huku mlimani.

Usiku huo huo kijana akatutoa nje na tochi. Tulitembea pembeni ya njia anamulika vichaka, mimi sioni kitu, yeye anasema huyo, huyo, na mwingine huyo. Vinyonga. Usiku wakilala wanapauka, rangi inakuwa nyeupe nyeupe, kwa hiyo tochi ikipita jani linabaki kijani na kinyonga anang'aa. Nilisogea mpaka pua ikawa karibu kugusa tawi. Alikuwa mdogo, urefu wa kiganja, mkia umejikunja mduara kamili, mbele ya pua vijipembe viwili vifupi vyenye magamba, na vidole vyake havikai kama vyetu, vimegawanyika huku viwili huku vitatu kukumbatia kijiti. Jicho moja likafunguka kitundu kidogo sana, likageuka kunitazama. Lile la pili likaendelea kulala. Mwenzangu alikuwa hatua kumi nyuma anasoma dua, maana huko kwao kinyonga ni kinyonga.

Milima ya Usambara ina vinyonga ambao hawapatikani pengine popote duniani, milima hii imejitenga siku nyingi sana na misitu yake ikabaki kila mmoja na vyake. Kwa miaka mingi walikuwa wanakamatwa wanauzwa nje kwenda kufugwa kwenye masanduku ya vioo, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Barabarani bado utakutana na mtoto kamshika kijitini anataka umpige picha umlipe. Usilipe. Najua inauma kumnyima mtoto mia tano, lakini ukilipa kesho wako watano na vijiti vitano.

Mtae sasa. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, barabara katikati, nyumba kushoto na kulia, na nyuma ya nyumba za upande mmoja hakuna kitu, ni shimo mpaka hifadhi ya Mkomazi huko chini. Kilichonishangaza ni rangi. Siku zote hizo tumetoka kwenye kijani kinachodondosha maji, hapa chini yako nyika kavu, kahawia, mpaka macho yanaposhindwa. Upepo wa bahari unakuja na unyevu wake, unagonga milima upande wa kusini na mashariki, unamwaga mvua zote huko huko, ukivuka huku hauna kitu. Unasimama mlangoni kwa mtu Mtae unaona mstari ambapo mvua inaishia. Milima ya Pare iliyokuwa upande wa kushoto tuliiona vizuri, Kilimanjaro ambayo siku ikiwa safi inaonekana, haikujitokeza, na kijana akasema hiyo ni kawaida yake.

Kwa anayetaka kwenda: kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa njia ni kavu ila baridi, masika usijaribu, ule udongo mwekundu ukilowa hata bodaboda wanakaa pembeni. Beba hela taslimu, chaji ya akiba, na kitu cha mvua hata kama mbingu iko safi. Mwongozaji mkubaliane bei kabla, chakula na malazi yake vimo au havimo, myaseme kabisa Lushoto msije mkaanza kuongea hayo mlimani. Na basi la kurudi toka Mtae linaondoka usiku, kabla hata ya adhana, konda anapita anagonga honi nyumba hadi nyumba, kwa hiyo usijidanganye utalala mpaka jua. Sisi tulikaa siti ya nyuma na magunia ya karoti mpaka Mombo na jaketi la mtumba likawa limegeuka mto.

Sasa hivi tunapigia hesabu Usambara ya mashariki, Amani, kule kwenye bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, na kwenye misitu ile ile yanakoota yale maua madogo ya zambarau, saintpaulia, ambayo Ulaya wanayaweka kwenye vyungu dirishani. Rafiki yangu amekubali kwenda kwa sharti moja, asinusishwe jani lolote.