Siku yangu mwaloni Kibirizi

Saa 11 alfajiri nashuka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, na tochi na daftari. Jana jioni niliandika majina 31 ya waliokwenda kuvua, na sasa kila mtumbwi ukigusa mchanga natia vema. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini wa Kikatoliki, na kigango changu, yaani tawi la parokia, kimejaa wavuvi wa usiku.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu!"

"Milele na milele, amina. Mmeamkaje?"

"Salama, ila upepo wa kusini umetuzungusha. Dagaa wachache."

Hadi saa 1 wamerudi 29. Mtumbwi wa mwisho wenye watu wawili unaingia saa 2 kasoro, injini imezima, wanapiga kasia. Mama wa mmoja wao alikuwa anaanika dagaa. Hakusema neno, ila mkono wake ulikuwa umeacha kutandaza, dagaa wamelundikana pale pale kwenye chanja. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470. Anayezama huko hatuziki.

Chai, muhogo, kulala kidogo.

Saa 4 ni mafundisho. Zamani nilifundisha saa 10 jioni kanisani, saa ambayo mabaharia wanapakia mafuta na kuangalia betri za taa. Wakaitwa watoro, na mimi nilikuwa mmoja wa waliowaita hivyo, jambo linaloniuma hadi leo. Sasa darasa liko chini ya turubai mwaloni, wao wakishona nyavu. Hawakosi.

Leo nimewasimulia habari za Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, huko karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa ziwa letu hili hili upande wa kusini, akakaa hapo akitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padri. Kijana mmoja akaacha sindano ya nyavu, akauliza, "Katekista tu, mwalimu?" Nikamjibu, katekista, miaka 67.

Saa 8 mchana napanda daladala kwenda Ujiji kumpelekea mgonjwa Komunyo. Kila nikipita karibu na ile miembe ya kumbukumbu ya Livingstone, mawazo yangu huenda kwa waliokuja baadaye. Agosti 1878 walifika wamisionari Waprotestanti wa London, na mwezi uliofuata tu mwenzao Thomson akazikwa hapa. Kati yao alikuwamo Edward Hore, nahodha wa meli kwa taaluma. Huyu alielewa kwamba huku bila chombo huwafikii watu. Mwaka 1883 wakashusha majini mashua ya chuma, Morning Star, yaani nyota ya asubuhi, jina ambalo sisi Wakatoliki humwita Mama Maria katika litania. Mapadri wa Wamisionari wa Afrika nao waliingia Ujiji Januari 1879. Wote walibebewa mizigo na wapagazi kutoka pwani, wakavushwa na wapiga makasia wa huku. Wengi wa watu hao hatuna hata majina yao. Ndiyo maana mimi naandika.

Saa 11 jioni niko tena mchangani. Nasoma Zaburi ya 107: "Washukao baharini katika merikebu, wafanyao kazi yao katika maji mengi." Mabaharia Waislamu husimama pamoja nasi wamefungua viganja, wanasema amina, kwa kuwa mtumbwi ni mmoja na wimbi halichagui. Nahodha mmoja amefunga rozari kwenye nguzo ya taa. Anaikaza fundo kwa meno kabla ya kusukuma chombo.

Naandika majina. Mwishoni anakuja kijana mgeni, koti la mvua begani.

"Mwalimu, mimi ni Mwislamu. Na mimi unaniandika?"

"Jina la baba yako nani?"

Ananitajia yote mawili. Ni wa 32.