Kutoka kwenye picha za setilaiti hadi shamba la viazi Elburgon

Saa moja asubuhi, Nakuru. Mbele yangu kuna picha mbili za msitu wa Mau Mashariki, nilinganishe ulivyobadilika: ya 1986 kutoka setilaiti ya Landsat 5, na ya karibuni kutoka Landsat 8. Zote ni za Januari, na hapo sikubali mjadala. Mwezi wa Julai mahindi ya Njoro huwa yamesimama, na kijani chake huichanganya programu ya kompyuta inayosoma picha, ikayaona ni miti. Januari yameshavunwa, msitu peke yake ndio wenye kijani.

Saa tatu naifundisha programu kwa mifano: huu msitu, hili shamba, haya maji. Maji ni rahisi, kwa kuwa humeza miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, yakatokea meusi. Ziwa Nakuru limetanuka waziwazi.

Saa tano niko kwenye matatu ya Elburgon, simu ina orodha ya sehemu zilizotoka nyekundu, yaani msitu uliogeuka shamba. Ya kwanza kweli ina viazi. Lakini katikati ya matuta kuna miche ya saiprasi, imepangwa kwa mstari, inafika magotini.

"Mama, shamba hili ni lako?"

"La serikali, mwanangu. Tunalima huku tukitunza miti. Ikishafunga kivuli, tunatoka."

Kumbe hapa msitu haujaisha. Saiprasi zilivunwa, zikapandwa upya. Nikapanda boda hadi alama nyingine, nyekundu ileile: nyumba za mabati, ua wa michongoma, ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye hifadhi, na huku watu wameshajenga maisha. Setilaiti huona kilichofunika ardhi. Matumizi yake lazima uulize wenyeji, na ramani isiyotenganisha haya mawili itamwita mama yule mharibifu wa msitu. Sikubali itoke hivyo.

Saa kumi nimerudi mezani. Picha mbili hazitoshi, hivyo navuta za miaka ya katikati. Hazina ya Landsat ni bure tangu 2008. Pikseli ya saiprasi, yaani nukta moja ya picha, hushuka kijani chake, kisha hupanda tena mwaka baada ya mwaka. Ya makazi hushuka ikabaki chini. Saa kumi na mbili jioni nyekundu imegawanyika rangi mbili, na kila moja itapata safu yake kwenye ripoti.