Papenburg, mji wa kinamasi ulioizaa Liemba

Treni ya kutoka Leer, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kwenda kusini inakatiza mashamba tambarare, ng'ombe na mitaro isiyokwisha, mpaka kwa mbali litokeze jengo ambalo halilingani kabisa na mji uliolizunguka. Hilo ni banda la Meyer Werft, karakana ya meli ya familia ya Meyer, refu kuliko mita 500, na ndani yake huundwa meli za kitalii za kubeba maelfu ya abiria. Abiria wenzangu wengi walishukia Papenburg kwa ajili ya banda hilo. Mimi shida yangu ilikuwa ya zamani zaidi. Sisi wa Kigoma tumekua tukiiona MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, na meli hiyo iliundwa hapa mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Nilitaka kujua familia ya Meyer iliingiaje kwenye kazi hii, tena katika mji ulio makumi ya kilomita kutoka baharini.

Jibu lipo katikati ya mji, kwenye mifereji. Mwaka 1631 Dietrich von Velen alianzisha makazi kwenye kinamasi ambacho hakuna aliyekitaka. Walioletwa walichimba mifereji ili maji yatoke, kisha wakakata lile tope jeusi vipande vipande, wakalianika na kuliuza likachomwe badala ya kuni. Kwenye jumba la makumbusho la wazi wamejenga upya vibanda vyao. Niliingia kimoja nikiwa nimeinama: kuta ni za tope hilohilo, sakafu ni udongo mtupu, na hata mchana huoni vizuri mkono wako. Wenyeji wa huko wana msemo kuhusu vizazi vya wachimbaji: wa kwanza alipata kifo, wa pili shida, wa tatu mkate. Ukishasimama mle ndani, hauhitaji maelezo.

Sasa, tope likishakauka lazima lipelekwe sokoni, na njia ni mfereji. Kwa hiyo kila mchimbaji alihitaji chombo, na vyombo vilihitaji mafundi. Vyombo vikakua, vikatoka kwenye mto Ems, vikaingia baharini. Katika karne ya 19 kando ya mifereji hii kulikuwa na karakana za meli zaidi ya 20. Willm Rolf Meyer, aliyeanza mwaka 1795, alikuwa mmoja tu wa mafundi hao wa mbao. Leo mbele ya ukumbi wa mji imeegeshwa meli ya matanga iliyoundwa kwa mfano wa zile za zamani, na ukiitazama jinsi ilivyoujaza mfereji unaelewa kwa nini hapa meli zilizoea kushushwa majini kwa ubavu. Mbele hakukuwa na nafasi.

Swali lililonisumbua ni hili: karakana zaidi ya 20, ikabaki moja. Kwa nini?

Nilikwenda kwenye eneo la karakana ya zamani, ambako familia ilifanya kazi mpaka ilipohamia nje kidogo ya mji mwaka 1975. Mabanda ya matofali yangalipo, lakini sasa ni hoteli na ukumbi wa maonyesho. Hapa ndipo Joseph Lambert Meyer, mwaka 1872, alipoanza kuunda meli za chuma. Ni rahisi leo kumwita mwerevu. Wakati ule alikuwa akiacha ufundi ambao familia na majirani walikuwa wakiula, aingie kwenye mashine na injini za mvuke. Wenzake waliobaki na mbao walifunga mmoja baada ya mwingine.

Na bila chuma hicho, Kigoma isingepata meli ile. Goetzen ilifungwa kwa bolti hapa Papenburg, ikafunguliwa yote, ikapakiwa katika makasha takriban 5,000, ikaenda kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka ziwani. Huko ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Kampuni ilituma watu wake watatu wakiongozwa na Anton Rüter, na jina lake hutajwa kila hadithi hii inaposimuliwa. Waliobeba vyuma na kupiga nyundo kwenye jua la Kigoma wamebaki wakiitwa vibarua, basi. Hilo halikunifurahisha, na sioni sababu ya kulificha.

Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakapaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Jioni nilimpigia simu mjomba, ambaye aliwahi kuwa fundi wa injini ziwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Enhe, umeona nini huko kwa Wajerumani?"

"Nimeona kinamasi, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kinamasi tunacho Malagarasi. Si ungeniomba nauli ya basi tu!"