Protini zinazopokea ishara ya kalsiamu katika seli ya mmea

Kalsiamu husifiwa kwa kuimarisha kuta za seli za mimea, na sifa hiyo inastahili, lakini mimi huvutiwa zaidi na kazi yake ndani ya seli, ambako huruhusiwa kuwapo kwa kiasi kidogo mno. Katika saitoplazimu, yaani ute unaoijaza seli, ya seli iliyotulia, kalsiamu huru huwa karibu mikromola 0.1, ilhali katika vakuoli, kifuko kikubwa cha akiba ndani ya seli, na nje kwenye ukuta huzidi kiasi hicho kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo vijia vichache vya utando vikifunguka, kiwango hupanda mara moja, na kupanda huko ndiyo ishara yenyewe.

Kupanda huko, hata hivyo, hakuleti lolote bila protini za kukupokea. Kalmodulini, protini ndogo yenye asidi amino zipatazo 149, ina sehemu nne za kushika kalsiamu. Zikijaa, umbo lake hubadilika, nayo hujishikiza kwenye protini nyingine na kuziamsha. Aneksini, kundi jingine la protini, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa kalsiamu huziwezesha kushikamana na lipidi (mafuta) za utando, yaani mahali penyewe ambapo vifuko vinavyotoka kwenye vifaa vya Golgi, sehemu ya seli inayofungasha bidhaa zake, huungana na utando wa seli na kumwaga shehena yake nje. Aneksini zimeonekana kwenye ncha ya mrija wa chavua, mrija unaoota kutoka kwenye chembe ya chavua kuelekea kwenye yai la ua, nami naona hiyo ni dalili nzito, ingawa protini kuwapo mahali pa kazi hakutoshi kuthibitisha kwamba ndiyo inayoifanya.

Mrija huo wa chavua ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Hurefuka kwenye ncha peke yake, na hapo ndipo kalsiamu ya saitoplazimu huwa nyingi zaidi na ndipo vifuko huleta pektini, dutu ya wanga inayofanana na gundi, ya kujenga ukuta mpya. Mpangilio huo wa kalsiamu ukivurugwa, mrija huacha kukua.

Katika mbegu ya shayiri inayoota jambo hili huenda mbali zaidi. Homoni ya jiberelini huzichochea seli za aleuroni, tabaka linalozunguka akiba ya chakula ya mbegu, kutengeneza na kutoa alfa-amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, na kimeng'enya hicho chenyewe ni protini inayoshika kalsiamu, ambayo bila madini hayo hupoteza uthabiti wake. Ndiyo maana seli hizo huingiza kalsiamu kwa wingi katika retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, ambamo alfa-amilesi hukunjwa na kupata umbo lake kabla ya kuanza safari ya kutoka.