Fairford: jinsi nilivyoondoa weusi wa ndege za kivita kwenye picha

Kwenye RIAT, maonyesho ya ndege za kijeshi huko Fairford, Uingereza, watazamaji husimama kaskazini mwa njia ya kurukia, wakilitazama jua. Kamera hupima anga jeupe, na ndege ya kivita kama Typhoon inatoka nyeusi tii, hata riveti hazionekani.

Nilitatua kwa fidia ya mwanga, yaani kuiambia kamera iongeze mwanga kuliko ilivyopima: +1 kukiwa na mawingu meupe, +0.3 anga likiwa la buluu. Kasi ya shata ni 1/2000 ya sekunde, faili ni RAW (picha ghafi). Ndege ikishuka mbele ya miti, rudisha fidia kwenye sifuri upesi, la sivyo rangi nyeupe za ubavuni zinaungua, yaani zinapoteza maelezo yote, na hayo hayarudi.

Ukungu wa picha za kupaa ni jambo jingine kabisa: ni hewa moto juu ya lami. Usiilaumu lenzi, subiri ndege isogee karibu.