Msimamizi akiwa kwenye simu

Leo saa 11 jioni mkufunzi wangu ametia saini ukurasa wa mwisho wa awamu ya kati ya mafunzo yangu ya udaktari wa wagonjwa mahututi. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimekaa. Nataka kuandika kabla usingizi haujanibeba, maana kesho zamu itafuta nusu ya haya.

Asiyeijua kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi hudhani kinachohesabiwa ni mikono: umeingiza mipira mingapi ya kupumulia, umeweka mirija mingapi kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Vinahesabiwa kweli, na logibuku yangu, daftari la kuorodhesha kazi nilizofanya, imejaa. Lakini hayo kwa sehemu kubwa ni ya awamu ya kwanza. Awamu ya kati inauliza jingine: bingwa akiwa kwake amelala, simu kando ya mto, je, wagonjwa wake wako salama mikononi mwako? Fomu ina ngazi za usimamizi. Kwanza bingwa anasimama kando yako, kisha anakuwa humo humo hospitalini, kisha anabaki kwenye simu, na mwisho humhitaji tena. Mwaka juzi karibu kila mstari wangu ulikuwa ngazi ya pili. Ilinibidi nivuke kwenda ya tatu, na njiani nipitie wodi za moyo, ubongo na watoto.

Nianze na moyo, kwa sababu ndiko nilikoumia.

Mgonjwa alikuwa ametoka kupasuliwa moyo saa sita kabla. Bomba la kifuani lilikuwa likitoa damu, kila saa kiasi fulani, halafu likatulia. Nikafurahi. Nikaandika kwenye faili kwamba damu imekata. Presha ikaanza kuteremka. Nikaongeza maji, nikaongeza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ikapanda kidogo na kuteremka tena. Sista aliyekuwa kwenye kitanda hicho akainama, akaukamua mpira wa bomba kwa vidole viwili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, hili halijakauka. Limeziba."

Nikatazama shinikizo la mshipa wa shingoni. Lilikuwa 8 nilipopokea zamu, sasa 19. Damu ilikuwa inajikusanya kuuzunguka moyo na kuubana, usipate nafasi ya kujaa. Nikapiga simu. Kifua kikafunguliwa upya, donge la damu likatolewa, na presha ikarudi yenyewe kama iliyofunguliwa mlango. Mgonjwa alipona. Lakini mimi nilibaki na zile dakika kumi na tano nilizozitumia kusukuma dawa huku jibu likiwa mbele ya macho yangu. Katika wodi ile moyo ukisimama, kifua hufunguliwa pale pale kitandani, na lengo ni kisizidi dakika 5. Ndiyo maana koleo ya kukatia nyaya zinazofunga mfupa wa kifua baada ya upasuaji hukaa hatua chache tu kutoka kwa mgonjwa. Kwa hesabu hiyo, dakika kumi na tano ni nyingi mno. Sikukosa maarifa. Nilitaka kwanza nitengeneze mambo, ndipo nimpigie bingwa nikiwa na habari njema. Hilo nililiandika kwenye tafakari yangu bila kulipunguza, na mkufunzi alilisoma mbele yangu, kimya.

Ubongo ulinifundisha kutulia. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, shingo inyooke, kamba inayoshikilia mpira isiibane mishipa ya shingo. Mambo madogo, na shinikizo la ndani ya fuvu hushuka mbele yako. Huko ndiko niliposhiriki kwa mara ya kwanza vipimo vya kuthibitisha kifo cha ubongo. Baada ya kupima mboni, kope na kikohozi, hufika zamu ya pumzi. Mashine inatenganishwa, oksijeni inapitishwa kwa mrija mwembamba, shuka linashushwa hadi kiunoni, na watu wanatazama kifua. Hewa ya ukaa inaachwa ipande kwenye damu hadi milimita 60 za zebaki au zaidi, kiwango ambacho ubongo ulio hai ungelazimika kuvuta pumzi. Dakika nane hivi. Sijawahi kutazama kitu chochote kwa makini namna ile. Niliona ngozi ikitikisika kidogo kwa mapigo ya moyo, na roho yangu ikaruka kila mara. Hakuvuta pumzi. Kisha tukaenda kuzungumza na mama yake, na sitaandika aliyoyasema.

Watoto nitapita haraka, si kwa sababu walikuwa wepesi. Umri gawanya kwa 4 jumlisha 4, huo ndio upana, kwa milimita, wa mpira wa kupumulia usio na puto; nilikuwa nikiirudia kwenye ngazi kila asubuhi. Kwa mtoto, nukta ikikaa pasipo mahali pake dozi inakuwa mara kumi, kwa hiyo tulisomeana hesabu kwa sauti, mimi na nesi, kila dozi, hata saa tisa usiku. Mtihani nao niliufanya katikati ya hayo yote, nikafaulu.

Mwezi uliopita, zamu ya usiku, nilimpokea mama mmoja mwenye nimonia mapafu yote mawili. Ameletwa na mashine imewekwa mililita 600 kwa kila pumzi, kwa kuwa faili lilisema ana kilo 104. Nikatafuta tepu ya kupimia, tukamlaza sawa, tukampima utosini hadi kisiginoni: sentimita 158. Mapafu hayanenepi pamoja na mwili, hufuata urefu. Kwa urefu ule kilo za kuhesabia ni 51 tu, kwa hiyo alikuwa anapewa karibu mililita 12 kwa kilo. Ndicho kiwango kilicholinganishwa na mililita 6 katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, na vifo vikatofautiana, karibu 40 kwa kila 100 kwa mililita 12, dhidi ya 31 kwa mililita 6. Nikashusha hadi 300. Shinikizo la mapafu likatoka 36 hadi 27, lakini oksijeni ilibaki mbaya.

Hapo nikapiga simu, kabla ya kingine chochote. Nikasema: "Samahani kwa kukuamsha. Nina mgonjwa ambaye oksijeni haipandi, nimeshapunguza pumzi, nataka kumlaza kifudifudi kwa saa 16, na ninaomba unisikilize kama nimeacha kitu." Akaniuliza maswali mawili: moyo umepimwa kwa altrasaundi? Mapafu hayajavuja hewa? Nikamjibu. Akasema, "Haya, mgeuze. Nipigie baada ya saa moja, hata kama ni kheri."

Tukamgeuza watu saba, mimi kichwani nimeshika mpira, nikihesabu. Mikono yangu ilikuwa ya joto kwenye mashavu yake. Niliwakumbuka wale wanafunzi wa udaktari wa Copenhagen mwaka 1952, polio ilipozidi, walioajiriwa na kukaa zamu kwa zamu wakiminya mfuko wa hewa kwa mkono kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kupumua. Bjørn Ibsen, daktari aliyeleta njia ile, hakuweza kuwa kando ya kila kitanda. Lazima walikuwepo walioogopa, na lazima ilibidi wajue wakati wa kumwita mtu.

Baada ya saa moja nilipiga. Ilikuwa kheri.

Leo kwenye kisanduku cha maoni, ambapo kuna nafasi ya mistari kumi, mkufunzi ameandika mmoja: "Anapiga simu kwa wakati." Akaniuliza kama nataka aongeze kitu. Nikasema hapana.

Yule mama ametolewa mpira asubuhi. Sauti yake bado imekauka, haisikiki vizuri, lakini amemwashiria sista anataka maji, na sista akamlowanisha midomo kwa sponji kwanza, taratibu, huku akimwambia ameze.