Mwiba wa sangala na mtoki wa kinenani

Nilikanyaga mwiba wa pezi la sangala pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri, boti zikishusha dagaa. Niliung'oa, nikaosha mguu kwa maji ya ziwa, nikaendelea kuanika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na giza la mwezi halimsubiri mtu.

Siku ya tatu mguu ulivimba hadi kwenye kifundo, unafuka moto, usaha umeanza, na mtoki umenitoka kinenani. Jioni homa ikapanda. Shangazi akasema ni malaria, ninywe mseto, na mtoki aukande kwa jivu la moto. Nilimkubalia kukandwa usiku mmoja. Maumivu yakazidi. Kulipokucha nikapanda bodaboda hadi hospitali.

Malaria haikuonekana. Wakapima picha kamili ya damu, na kijana wa maabara akanisomea: chembe nyeupe 17,200 kwa mikrolita. Mtu mzima huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Nikaingiwa na hofu, nikauliza kama ni saratani ya damu.

"Hapana, mama. Hawa ni askari wako, wameitwa vitani."

Wengi wao walikuwa chembe nyeupe za aina iitwayo nutrofili. Hizo ndizo hutangulia kwenye jeraha, ndani ya saa chache tu, zikameza bakteria na kufia hapohapo. Usaha niliokuwa nikiukamua kwa kinyaa ulikuwa mizoga yao, pamoja na bakteria na nyama iliyokufa. Na mtoki je? Ni tezi inayochuja majimaji yanayopanda kutoka mguuni; humo limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, hukagua kilichoingia, zikimtambua adui zinazaliana, tezi inatuna. Nilikuwa nakanda kambi ya askari wangu mwenyewe.

Binti yangu, anayesoma biolojia, aliposikia alinisimulia habari za mwanasayansi Metchnikoff. Mwaka 1882, huko Messina, alimchoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa mwiba wa waridi, na kesho yake akakuta seli zimeuzunguka ule mwiba. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel. Mwiba kama wangu!

Ila seli haziwezi kumeza mwiba. Daktari alipasua, akatoa kipande kilichobaki ndani, akaniandikia antibiotiki za siku saba na kunichoma sindano ya pepopunda. Chanjo hiyo, alisema, huzifundisha limfosaiti kutengeneza kingamwili kabla sumu ya pepopunda haijafika. Mara ya mwisho niliipata nikiwa na mimba ya huyu binti.

Nyumbani nilikaa, na kwangu kukaa ndiko kulikuwa kugumu kuliko kisu. Mguu juu ya mto, kidonda nakisafisha kwa maji yaliyochemshwa, mchanga sikuukanyaga. Mzigo wa giza lile zima ukaanikwa na wenzangu. Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha na nikatamani kuacha vidonge, lakini nilifikiria wale askari wanaokufa kwa maelfu mguuni mwangu, nikavimaliza vyote.

Nilirudi kupimwa baada ya siku kumi: 8,100. Shangazi nilikwenda naye, akasomewa karatasi mwenyewe. Mtoki ulichelewa. Kila usiku nilikuwa naupapasa, umekuwa kama harage, kisha kama punje ya mtama, hadi usiku mmoja nikautafuta nisiuone.